Tusibadilishe breki za nyuma kabla ya kuzirekebisha

Barabara itokayo Iten kuelekea Bonde la Kerio huteremka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika kwenye joto la bondeni. Asiyeijua na awaulize walimu waliosomea Tambach. Mwezi wa Agosti mwaka jana niliiteremka nikiendesha pikapu yangu kuukuu. Nyuma nilikuwa nimepakia madawati 14 na maboksi manne ya vitabu vya shule moja ya msingi, na kando yangu waliketi wanafunzi wawili wa ualimu waliokuwa wakienda kufanya mazoezi ya kufundisha.

Tulipokwisha kuipita Tambach tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Mmoja wa wanafunzi wangu akasema kwamba huenda kuna watu wanaochoma makaa. Kwenye kona iliyofuata nilikanyaga breki, na pedali ikashuka hadi karibu na sakafu pasi na upinzani wowote. Nikaikanyaga mara ya pili, na ya tatu, ikashika kidogo. Nikatia gia ya pili, injini ikapiga mayowe, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa barabara upande wa mlima hadi likasimama. Mbele yetu hapakuwa na gari wala mtoto avukaye barabara. Nalisema hili wazi kwa sababu si ustadi wangu uliotuokoa. Tulikuta njia nyeupe, basi.

Tuliposhuka, magurudumu ya mbele yalikuwa yakifuka moshi na hayakaribiki. Ya nyuma nilipoyagusa yalikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Wakati huo sikuelewa maana yake. Tulingoja kwa muda wa saa mbili, tukahamishia madawati kwenye lori la msamaria mmoja, nami nikapanda kurudi Iten polepole nikiwa nimeaibika.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikibishana kuhusu ngeli na vitenzi. Leo naomba radhi niingie chini ya gari. Hata hivyo, nitakapotoka huko nitakuwa bado nazungumzia lugha, kwani kilichotaka kutuua siku ile kilikuwa na uhusiano mkubwa na namna tunavyofundishana mambo katika nchi hii.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya gurudumu la nyuma la pikapu nyingi mna ngoma ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Ndani ya ngoma hiyo mna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, na kwa upande wa nje vimevikwa lainingi. Mafundi wetu huviita shuu. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni mbili za silinda ndogo iliyo katikati ya ncha za shuu hizo, nazo shuu hutanuka na kuusugua ukuta wa ndani wa ngoma. Msuguano huo ndio unaougeuza mwendo wa gari kuwa joto. Louis Renault wa Ufaransa alipata hataza ya breki ya namna hii mwaka 1902, na zaidi ya karne moja baadaye ingali chini ya pikapu nyingi mpya zinazouzwa. Hata Volkswagen walipotoa gari lao la umeme la ID.4 mnamo mwaka 2020, walilitia ngoma nyuma. Basi mtu asikudanganye kwamba ngoma ni kitu cha kizamani kilichobakishiwa Waafrika.

Ngoma ina siri moja ambayo kila mwalimu anaijua bila kujua kwamba anaijua. Ukiiburura chaki ubaoni, huteleza. Ukiisukuma kwa ncha, ikiwa imeelekea kule iendako, hung'ang'ania ubao, hurukaruka na kulia mlio wa kukereketa meno. Ndivyo zilivyo shuu mbili za breki nyingi za aina hii. Moja husukumwa kuelekea uzungukako mzunguko wa ngoma, nayo ngoma huivuta na kuikaza zaidi ya nguvu ya mguu wa dereva. Nyingine huburutwa tu. Kwa sababu hiyo ngoma yaweza kuzuia gari zito bila dereva kutumia nguvu nyingi, mradi shuu ziwe karibu na ukuta wa ngoma. Zikiwa mbali, nguvu hiyo yote hubaki kuwa hadithi.

Na lainingi hulika. Kadiri inavyolika ndivyo pengo kati ya shuu na ngoma linavyopanuka, na ndivyo pedali inavyozidi kwenda chini kabla ya kushika. Waliounda breki hii walilijua jambo hilo, wakaweka kati ya shuu mbili kijiti cha chuma chenye skurubu na kigurudumu cha meno. Kigurudumu kikizunguka upande mmoja, kijiti hurefuka na kuzisogeza shuu karibu na ngoma. Kijiti chote mafundi hukiita ajasta. Kile kigurudumu wamekipa jina zuri kuliko lolote ambalo kamati ya wasomi ingelibuni: nyota.

Katika pikapu nyingi za Kijapani, nyota huzungushwa na mkono mdogo wa chuma kila dereva anapovuta handbreki, ikiwa pengo limekuwa kubwa kiasi cha kuhitaji jino moja zaidi. Katika magari mengi ya Kimarekani jambo hilo hutendeka dereva anapofunga breki akirudi nyuma. Msomaji ataona mara moja tatizo letu. Ni madereva wangapi wa pikapu unaowajua wanaovuta handbreki? Desturi yetu ni kuliacha gari katika gia na utingo kuruka na jiwe kulikinga gurudumu. Jiwe lenyewe huachwa papo hapo barabarani limngoje mwendesha pikipiki wa usiku, lakini hayo ni malalamiko ya siku nyingine. Ninalosema sasa ni kwamba dereva asiyevuta handbreki ameinyima breki yake nafasi ya kujirekebisha, kisha miezi sita baadaye anasema breki za ngoma hazifai.

Nami nilikuwa mmoja wao. Kwa majuma mengi kabla ya safari ile pedali yangu ilikuwa ikienda chini, nikiikanyaga mara ya pili inapanda. Nilizoea. Kila dereva wa Kenya anajua kupampu. Sikujua kwamba mafundi wa sokoni wana msamiati kamili wa dalili za breki, uliopangika kama somo la sarufi. Breki ipampuyo, yaani ipandayo ukiikanyaga mara ya pili, mara nyingi shuu zake ziko mbali na ngoma. Breki iliyo laini kama sifongo ina hewa ndani ya mafuta. Breki inayozama taratibu ilhali umeikanyaga na kutulia ina silinda kuu inayovujisha. Breki inayovuta upande ina gurudumu moja lisilofanya kazi sawa na mwenzake. Dereva aliyefunzwa maneno hayo manne angeweza kujua la kufanya kabla ya kufika Tambach.

Nilipolirudisha gari mjini nilikwenda kwanza kwenye gereji moja kubwa, ambayo ndiyo iliyokuwa imenibadilishia shuu miezi michache kabla ya hapo. Nilipokewa kwa heshima na kuelezwa kwa Kiingereza fasaha kwamba gari langu ni la kale, kwamba ngoma zimepitwa na wakati, na kwamba dawa yake ni kuziondoa na kuweka diski nyuma. Nilipewa karatasi ya gharama. Gharama hizo zilizidi mshahara wangu wa mwezi. Hakuna aliyeinama chini ya gari. Ningalikuwa na fedha, nadhani ningalilipa, kwa kuwa sisi wasomi hutishika upesi tukiambiwa kwamba kitu chetu kimepitwa na wakati.

Ufukara ndio ulionipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali mjini Eldoret. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Daktari, mliposimama, gurudumu gani lilikuwa moto?"

Nikamwambia ya mbele.

"Na ya nyuma?"

"Vuguvugu."

"Basi ulikuwa unashuka na breki mbili badala ya nne. Mafuta yamechemka huko mbele."

Maneno hayo machache yalitosha kueleza yote. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishalowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Ya DOT 4 huanzia 230, na yakilowa huweza kushuka hadi 155. Breki za mbele zikiachiwa mzigo wote mteremkoni, mafuta hupata joto hilo, huchemka, na mvuke hujaa ndani ya mabomba. Mvuke hubanika kwa urahisi, mafuta hayabaniki. Mguu wa dereva hubana mvuke, na gari huendelea na safari yake.

Mzee aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akaliegemeza gari kwenye vigogo, akaachilia handbreki. Ngoma ya kulia ilikataa kutoka. Kijana wake akaifuata nyundo, naye akamzuia. Ngoma iliyotumika kwa muda mrefu huacha mdomo ukingoni ambao huzishika shuu, na ukiipiga kwa hasira huipasua. Badala yake alifungua kizibo cha mpira nyuma ya gurudumu, akairudisha nyota kwa bisibisi, kisha akaingiza bolti mbili ndogo katika matundu yaliyotobolewa kwenye ngoma kwa kazi hiyo na kuzikaza kwa zamu. Ngoma ikatoka yenyewe. Vumbi la ndani hakulipuliza. Alilipangusa kwa kitambaa kilicholowa maji, maana lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake huua kwa saratani ya mapafu miaka mingi baada ya kuvutwa. Uingereza ilipiga marufuku aina zote za asbestosi mwaka 1999. Asiyejua umri wa lainingi iliyo mbele yake hana sababu ya kucheza na vumbi lake, na ninawaomba walimu wa warsha za ufundi wawakataze wanafunzi wao kulipuliza kwa pampu ya upepo.

Baadaye mzee alinyamaza kwa muda, akaondoa na ngoma ya kushoto, akatazama huku na huku.

"Daktari, nani alikufungia hizi? Ya kushoto iko kulia, na ya kulia iko kushoto."

Nitaeleza, kwa sababu hapa ndipo kiini cha makala haya kilipo. Breki ya gurudumu la kushoto ni kama taswira ya ile ya kulia ndani ya kioo. Mikono izungushayo nyota huelekeana. Kwa hiyo skurubu za ajasta mbili zimekatwa kwa mielekeo tofauti: moja hurefuka ikizungushwa huku, nyingine hurefuka ikizungushwa kule. Ukizibadilisha mahali, kila kitu hukaa sawasawa, ngoma huingia, gurudumu huzunguka. Lakini kila uvutapo handbreki, nyota huzunguka kinyume, ajasta hufupika, na shuu hurudi nyuma kutoka kwenye ngoma. Chombo kilichoundwa kujikaza huwa kinajilegeza. Nilipokuwa nikijipongeza kwa nadra kwamba leo nimevuta handbreki, nilikuwa nikizidi kujiharibia.

Kisha gereji ile, baada ya kuona kwamba handbreki haishiki, ilikuwa imekaza kebo yake mno. Hilo nalo ni kosa ambalo mzee alisema huliona kila juma. Kebo ikikazwa ilhali shuu ziko mbali, handbreki hurudi kushika na mwenye gari huridhika. Lakini kebo iliyokazwa huuvuta mkono wa ndani usirudi mahali pake pa kupumzikia, na mkono usiporudi hauwezi kuikamata nyota tena. Utaratibu ni kurekebisha shuu kwanza na kebo mwisho.

Kando yetu alikuwepo kijana aliyeletwa na chuo chake cha ufundi kupata mazoezi kazini. Mzee akamshikisha ajasta mbili na kumwuliza kwa nini hii haiwezi kukaa huku. Kijana alijibu kwa Kiingereza, aya nzima kutoka katika madaftari yake, kuhusu mfumo unaojirekebisha wenyewe. Mimi nimesahihisha karatasi za mitihani kwa miaka mingi, na naapa kwamba ningalimpa alama zote. Mzee alimwacha amalize.

"Sawa. Sasa ukivuta mkono huu, nyota itaenda wapi?"

Kijana alikitazama chuma. Hakuwa na jibu. Sentensi alikuwa nayo, ila hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba inazungumzia kitu hiki kilichomo kiganjani mwake. Mzee akafunga shuu bila ngoma, akamwambia auvute mkono kwa kidole na kutazama. Nyota ikasogea jino moja, kijiti kikafupika. Wakabadilisha ajasta. Kijana akavuta tena, kijiti kikarefuka. "Aaa," akasema, "ni kama kizibo cha chupa kilichokatwa kinyume. Ukidhani unafunga, kumbe unafungua." Hakuna kitabu kilichompa maneno hayo. Aliyapata kwa sababu sasa aliruhusiwa kufikiri kwa lugha anayofikiria.

Naam, najua nitakavyojibiwa na wenzangu. Watasema kwamba maboksi ya vipuri yameandikwa kwa Kiingereza, na kwamba fundi asiyejua Kiingereza ataumia. Hoja hii nimeisikia kwa muda mrefu na sijaona uzito wake. Maboksi mengi ya vipuri pale Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi yana maandishi ya Kijapani na ya Kichina pia, na hakuna anayependekeza tufundishe lugha hizo ili watu wafunge shuu. Kwenye ajasta yangu mlikuwa na herufi moja tu iliyochorwa ya kuonyesha upande. Aliyeifunga vibaya hakushindwa kusoma herufi moja. Alishindwa kujua kwa nini herufi hiyo iwepo, na hilo halikuwa kwenye boksi kwa lugha yoyote.

Mimi sipingi Kiingereza. Ninachopinga ni huu mpango wetu wa ajabu ambapo ufundi hufundishwa kwa Kiswahili uwanjani, kisha huulizwa kwa Kiingereza kwenye karatasi ya mtihani. Matokeo yake ni kwamba tuna vijana wenye vyeti wasiojua nyota inaenda wapi, na tuna wazee wajuao nyota inaenda wapi wasioweza kupata cheti. Tangu mwaka 2010 Kifungu cha 7 cha Katiba kimekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi sawa na Kiingereza. Wanaotunga mitihani ya maandishi ya ufundi wanaweza kuanza na karatasi moja tu, ya breki, wampe mtahiniwa hiari ya kujibu kwa Kiswahili, na waruhusu maneno ya gerejini yaliyozoeleka: shuu, ajasta, nyota, lainingi. Maneno hayo yana utaratibu, yana maana moja, na yana watumiaji kutoka Mombasa hadi Busia. Wataalamu wa istilahi hutafuta sifa hizo hizo.

Sisi wenyewe wa idara za Kiswahili tumechangia uzembe huu. Kila Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani, hukutana na kusomeana makala kuhusu uwezo wa lugha hii kubeba sayansi. Sikumbuki hata mmoja wetu, mimi nikiwa miongoni mwao, aliyekwenda gerejini na daftari kunakili sayansi ambayo tayari imekwisha kubebwa.

Turudi chini ya gari, kwani sijamaliza kuhusu wanaotaka kuboresha breki zao. Kuna jambo moja ambalo wenye pikapu hulifanya karibu wote: kuongeza vyuma vya springi nyuma ili gari libebe zaidi bila kulala. Wachache hujua kwamba pikapu nyingi zina vali chini, karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa nayo kwa kijiti. Gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma huinuka, na vali hupunguza nguvu ya mafuta yaendayo nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Gari likilemewa, nyuma hushuka, na vali hufungulia nguvu zaidi. Ukiongeza springi, gari halishuki tena. Umebeba madawati 14 lakini vali inadhani huna kitu. Mzigo umeongezwa, na breki za nyuma zimepunguzwa kwa mkono uo huo. Nilikuwa nimefanya hivyo mwaka mmoja kabla, nikajisifu.

Baadhi ya mafundi hulitatua jambo hili kwa kuifunga vali kwa waya ikae wazi daima. Nawasihi wasifanye hivyo. Pikapu tupu juu ya murramu iliyolowa, yenye vali iliyofungwa kwa waya, itafunga magurudumu ya nyuma kwanza, na mkia wa gari utataka kuipita pua. Dawa ni kurekebisha kijiti cha vali kulingana na urefu mpya wa springi, kazi isiyozidi saa moja kwa ajuaye.

Tahadhari iyo hiyo yahusu wanaotia silinda kubwa nyuma. Wazo si baya, lakini hesabu yake huwahadaa wengi. Ukitoka kwenye silinda ya kipenyo cha milimita 20 na kuweka ya milimita 24, unadhani umeongeza kidogo. Eneo la pistoni hukua kwa mraba wa kipenyo, hivyo umeongeza nguvu kwa asilimia 44. Walimu wa hisabati watanisahihisha nikikosea. Aidha, silinda hiyo hudai mafuta mengi zaidi kwa kila kukanyaga, na pedali huzidi kwenda chini, yaani ugonjwa ule ule uliokupeleka gerejini. Kuhusu diski za nyuma, zina sifa zake, hasa matopeni na majini. Lakini mwenye kuzifunga na awe amekwisha jua handbreki yake itafanyaje kazi, kwa sababu wengi huikumbuka wanapoegesha gari kwenye mteremko.

Maboresho niliyofanyiwa na mzee yalikuwa ya kawaida mno. Ngoma zilikuwa na mifereji, akazipeleka kukerezwa. Kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye ngoma yenyewe. Zangu zilikuwa za milimita 254 zilipotoka kiwandani, na hazitakiwi kupita 256. Baada ya kukerezwa zilisoma 255, kwa hiyo zimebakiwa na kukerezwa mara moja, ikiwezekana. Shuu ziliwekwa mpya pande zote mbili, kwa kuwa sili ya ekseli ya kulia ilikuwa imevujisha oili ya difu juu ya lainingi, na lainingi iliyonywa oili haioshwi ikapona. Sili mpya, springi ndogo mpya, mafuta mapya ya DOT 4, hewa ikatolewa. Ajasta zikarudi makwao. Mwisho aliikaza nyota hadi gurudumu likakataa kuzunguka, akairudisha jino baada ya jino hadi likazunguka huru na kusikika mkwaruzo mwepesi tu, akakanyaga pedali mara kadhaa shuu zikae katikati, akapima tena. Pande zote mbili sawa. Ndipo alipoigusa kebo. Jumla ya gharama haikufika robo ya ile ya diski.

Kuna watakaosema kwamba makala marefu namna hii kuhusu nyota na vijiti hayafai ukurasa wa maoni. Mnamo Juni 30, 2023, katika njiapanda ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50 waliokuwa wamesimama kando ya barabara, wengi wao wakiuza mboga na kungoja magari. Sijui kwa nini tuone aibu kuzungumza kinaganaga kuhusu namna magari yanavyosimama.

Mwezi uliopita niliwachukua wanafunzi wale wale wawili, pamoja na kijana wa chuo cha ufundi aliyekuwa amemaliza mazoezi yake, tukaandika karatasi moja ya kubandikwa ukutani kwa mzee: hatua za kurekebisha breki za nyuma, kwa Kiswahili, pamoja na michoro. Wanafunzi wa ualimu walichora, kijana akaeleza, nami nikasahihisha lugha. Mahali fulani nilikuwa nimeandika "kigurudumu cha meno cha kirekebishi". Mzee aliisoma karatasi yote polepole akiwa amevaa miwani, akaomba kalamu, akakata maneno yangu matano na kuandika juu yake "nyota". Kisha akatuma mtu alete gundi.